Magoti ya Prudensia

Msimu wa kahawa ulikuwa umefika katika kijiji cha Kibingo, Kagera. Katika kibanja cha Gosbert, kahawa zilikuwa zimeiva nyekundu chini ya kivuli cha migomba, na kila mwenye mikono alikuwa anachuma. Mkewe, Prudensia, alichuma akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alichuma matawi ya chini tu. Akimaliza mti mmoja, alishika shina la mgomba, akajivuta, akasimama, akaisogeza ndoo hatua mbili, kisha akaketi tena akihema.

"Mke wangu," Gosbert alimtania, "msimu huu ndoo hiyo imefanya kazi kutushinda sote."

Prudensia alicheka. Lakini kilikuwa kicheko cha mdomoni tu.

Alikuwa na miaka arobaini na saba, na mwili wake ulikuwa mkubwa. Ulianza kuongezeka baada ya kuzaa mtoto wa tatu, ukaendelea mwaka hadi mwaka. Watu walimsifu. Walisema Gosbert anajua kutunza. Hakuna aliyemuuliza kama analala vizuri. Alikuwa akikoroma na kushtuka usingizini, na asubuhi aliamka amechoka kama mtu aliyekesha. Akienda kisimani, alipumzika mara tatu njiani. Siku moja dereva wa bodaboda alimwambia mbele za watu, "Mama, wewe ni abiria wawili, lipa nauli mbili." Tangu siku hiyo akawa anabaki nyumbani, na akibaki peke yake alikula. Hakula kwa njaa. Alikula kwa sababu moyo ulikuwa mzito.

Hayo yote aliyavumilia. Jambo moja tu lilimshinda kuvumilia, nalo lilihusu baba yake.

Baba yake, mzee Pastory, aliishi Nyakakika. Kwao, kwa Wanyambo, mtoto wa kike hamwamkii baba yake akiwa amesimama. Hupiga magoti, huamkia, hungoja kuitikiwa, ndipo huinuka. Prudensia alifanya hivyo tangu akiwa mdogo. Lakini miaka miwili iliyopita, katika harusi ya jirani, alipiga magoti kuwaamkia wazee na akashindwa kuinuka. Wanaume wawili walimshika makwapani. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Leteni kamba ya kuvutia ng'ombe!" Watu wakacheka. Prudensia aliapa moyoni kwamba hatapiga magoti tena mbele ya watu.

Krismasi iliyopita alikwenda kwa baba yake. Ukoo wote ulikuwa umekusanyika uani. Akamsogelea mzee, akainamisha kichwa kidogo, akasema akiwa amesimama, "Shikamoo, taata."

Mzee Pastory alimtazama. Kisha akageuza uso kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa nyumba ya jirani. Hakuitikia marahaba.

Wifi mmoja akamnong'oneza mwenzake, lakini kwa sauti ya kusikika. "Nyumba ya bati la kisasa, bati la msauzi, imempanda kichwani. Sasa baba mzazi anaamkiwa kwa kusimama."

Prudensia alikula chakula kile bila kujua ladha yake. Hakusema kwamba magoti yanamuuma. Hakusema kwamba anaogopa kuinuliwa kama gunia mbele ya baba yake. Aliona bora aitwe mwenye kiburi kuliko kuchekwa. Akarudi Kibingo, na hakwenda tena Nyakakika.

Sasa, katikati ya msimu wa kahawa, kaka yake akapiga simu. "Baba anakuuliza. Amekonda, chakula hakimkai. Jana kasema, 'Kwani yule binti yangu amekufa? Mbona sikuitwa kwenye mazishi?'"

Prudensia alikata simu, akakaa juu ya ndoo yake, akalia.

Hapo ndipo Vero alipomkuta. Vero alikuwa jirani yake na mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuwa anatoka kupima watoto uzito, mzani ukining'inia begani.

"Waitu, Prudensia! Kahawa zimekufanya nini?"

Prudensia akamweleza yote. Alieleza habari ya harusi, ya kamba ya ng'ombe, na ya shikamoo ambayo haikuitikiwa. Alipomaliza, alijifuta uso kwa khanga. "Na kosa ni langu. Ni ulafi wangu mwenyewe."

Vero alitua mzani chini. "Nikiumwa malaria utaniambia ni kosa langu?"

"Malaria ni ugonjwa."

"Na unene uliozidi nao ni ugonjwa. Una sababu nyingi. Kuna chakula, ndiyo, lakini pia kuna uzazi, kurithi, usingizi mbaya, huzuni. Mtu akiumwa hatumcheki, tunamtibu. Hospitali ya mjini wana kliniki ya uzito kila Alhamisi. Twende wote."

"Kuna unga unauzwa mnadani. Wanasema unayeyusha mafuta."

"Dada yangu aliununua," alisema Vero. "Uliyeyusha tumbo. Aliharisha siku nne, na uzito ukarudi na mabegi yake yote."

Safari hii Prudensia alicheka kwelikweli.

*

Alhamisi iliyofuata walikwenda. Prudensia alidhani ataingia chumbani, apewe vidonge, atoke. Badala yake alikuta watu wanne wamekaa meza moja: daktari Deodatus, Jenifa ambaye ni afisa lishe, Clavery ambaye ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na mama wa makamo aitwaye Auleria, mshauri nasaha.

Prudensia alishtuka. "Mko wanne kwa ajili yangu? Nimezidiwa kiasi hicho?"

Daktari alitabasamu. "Nyumbani unapikia figa moja?"

"Figa moja litashika chungu gani? Ni matatu."

"Basi na sisi hivyo hivyo. Mimi nashughulikia shinikizo la damu, sukari na dawa. Jenifa ni chakula. Clavery ni viungo. Tukiweka figa moja, chungu kinapinduka."

"Na mimi je?" aliuliza Auleria.

"Wewe ndiye moto," alisema daktari. "Mafiga yakae vizuri namna gani, bila moto chakula hakiivi."

Walimpima. Uzito ulikuwa kilo mia moja na kumi na mbili. Shinikizo la damu lilikuwa juu. Sukari ilikuwa imeanza kupanda, ila haijawa kisukari. Daktari alimwandikia dawa ya shinikizo la damu. Alimweleza aimeze kila siku, na asiache hata akijisikia vizuri, mpaka waambiane kliniki. Gosbert naye aliitwa kwa simu, na wiki iliyofuata mume na mke walipimwa pamoja, hata virusi vya Ukimwi. Hawakuwa navyo.

Clavery alimweka kwenye kiti. "Mama, kunja mikono kifuani. Inuka na ukae, inuka na ukae, mpaka niseme basi." Alishika saa. Katika nusu dakika Prudensia aliinuka mara nne tu, na mara ya tano alidondoka kitini.

Kisha Auleria akasogeza kiti chake karibu. Hakuuliza habari ya kilo. Aliuliza, "Mama Prudensia, unene huu umekunyang'anya nini?"

 Prudensia alitazama mikono yake.

"Kumwamkia baba yangu," alisema.

Akawaeleza. Hakuna aliyecheka. Clavery alichukua kadi yake ya kliniki, akaandika juu kabisa, kisha akamsomea: "Lengo la mgonjwa ni kupiga magoti na kuinuka mwenyewe."

"Huandiki kilo ngapi nipungue?" aliuliza Prudensia.

"Kilo zitakuja," alisema Jenifa. "Huhitaji kuwa mwembamba. Ukipungua kilo sita, saba, hata kumi, shinikizo la damu na usingizi vitapata nafuu. Na magoti yatakushukuru."

*

Kazi ikaanza, na ilikwenda polepole.

Jenifa hakumkataza bitoke, zile ndizi za kupika. "Mnyambo nikimnyima ndizi atanifukuza wilayani," alisema. Alimwonyesha sahani. Nusu yake iwe mboga: mchicha, kabichi, majani ya maboga. Robo iwe bitoke, robo maharage au samaki. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Soda aziache, na sukari ya chai aipunguze kidogo kidogo. Akinywa bushera, kile kinywaji cha mtama, asiitie sukari.

Clavery alimpa mazoezi matatu ya nyumbani. La kwanza ni kuinuka kitini na kukaa, mara tano asubuhi na mara tano jioni. La pili ni kutembea hadi njia panda na kurudi. La tatu alisema lisianze mpaka mwezi wa pili, miguu ikiwa imepata nguvu. Hilo ni kushusha goti moja juu ya godoro lililokunjwa, huku mkono umeshika kiti. "Maumivu kidogo si kitu," alisema. "Yakiwa makali, au goti likivimba, simama, uje uniambie. Hatushindani na mtu."

Na Auleria alimfundisha kujiuliza swali moja kabla ya kula katikati ya siku: "Ni tumbo linaloomba, au ni moyo?" Likiwa tumbo, ale. Ukiwa moyo, atoke amtafute mtu wa kuzungumza naye. Basi Prudensia akawa anakwenda kwa Vero. Mara nyingine walizungumza, mara nyingine walichambua mboga tu bila neno.

Miezi mitatu ikapita, na kilo sita zikawa zimepungua. Shinikizo la damu lilishuka. Gosbert alisema, "Siku hizi nalala. Zamani nilidhani kuna mashine ya kukoboa kahawa kitandani." Prudensia aliinuka kitini mara tisa kwa nusu dakika. Na kisimani alipumzika mara moja tu.

Ndipo maneno yakaanza.

Jumapili moja, akitoka kanisani, alisikia wanawake nyuma yake. "Mmemwona Prudensia? Anakonda." "Shingo imebaki mifupa." "Na kila Alhamisi yuko hospitali. Tuombe tu."

Shingo yake ilikuwa mbali sana na mifupa. Lakini alijua walichomaanisha. Katika nchi ile, mtu akikonda, wazee hukumbuka. Miaka ya themanini na tisini, kabla dawa hazijapatikana, Ukimwi ulipita Kagera kama moto wa kiangazi. Watu walikonda, walikohoa, wakafa. Nyumba nyingine zilibaki na bibi na wajukuu. Toka wakati huo, kunenepa kukawa kama cheti cha uzima.

Aliyesikia maneno hayo zaidi ya wote ni mama mkwe wake, bibi Evangelina, aliyeishi nao na ambaye ndiye aliyepika maharage ya nyumba ile.  Bibi alianza kumtazama Prudensia mikononi na shingoni kama mtu anayekagua ndama.

Mwezi wa Novemba, Prudensia alipanda kwenye mzani. Kilo mbili zilikuwa zimerudi. Mwezi uliofuata ikarudi moja nyingine.

"Umebadilisha chakula?" Jenifa aliuliza kwa upole.

"Sijabadilisha kitu! Senene wenyewe nimekula kiganja kimoja, wakati wenzangu wanakula sahani."

Hakuna aliyemlaumu. Lakini alirudi nyumbani akijilaumu mwenyewe. Alisema moyoni, mwili huu umeniamulia. Alhamisi iliyofuata hakwenda kliniki. Na ile nyingine hakwenda. Godoro la mazoezi likarudi chini ya kitanda. Usiku alimwona baba yake ndotoni, amegeuza uso.

*

Siku moja mchana aliingia jikoni kuchukua sufuria. Akamkuta bibi Evangelina ameinama juu ya chungu cha maharage, ameshika kibuyu. Samli ilikuwa inatiririka humo, nene na ya manjano.

"Mama! Unafanya nini?"

Bibi hakukificha kibuyu. Alimalizia kumimina. "Nakuokoa."

"Unaniokoa na nini? Kumbe ni wewe! Miezi miwili najilaumu, kumbe ni wewe, mama!"

"Punguza sauti. Unataka majirani wasikie?"

"Wameshasema yote! Kimebaki nini cha kusikia?"

Bibi Evangelina aliketi kwenye kigoda. Ghafla alionekana mdogo. "Nilikuwa na watoto watano," alisema. "Egbert alianza kukonda shingoni. Nikasema ni kazi nyingi. Dada yake akaanza mikononi. Nikasema ni mapenzi ya wasichana, hawali vizuri. Niliwazika mwaka mmoja, Prudensia. Niliwabeba kwenda bafuni kama watoto wachanga. Wewe unakuja kwangu unapungua, halafu unaniambia nisitie samli?"

Hasira ya Prudensia ilikuwa bado ipo, lakini ilikosa mahali pa kukaa. Alishuka polepole, akishika ukuta, goti moja, kisha la pili, mpaka akawa uso kwa uso na mama mkwe wake.

"Mama, mimi na Gosbert tulipima. Hatuna ugonjwa ule. Nilipaswa kukwambia mapema. Nakonda kwa sababu natibiwa. Mafuta yaliyozidi ndiyo yanayonipandishia shinikizo la damu. Ukiniongezea samli, unanisukuma huko huko unakoogopa."

"Una hakika?"

"Twende Alhamisi, umuulize daktari mwenyewe."

Bibi aliweka kibuyu pembeni. Kisha akasema, "Na hapo chini utainukaje?"

Prudensia alijitazama. Alikuwa amepiga magoti, na hakuwa hata amefikiri. Alishika kigoda, akaweka mguu wa kulia mbele kama Clavery alivyomfundisha, akasukuma. Mara ya kwanza alirudi chini. Mara ya pili akasimama, akitetemeka.

"Karibu," alisema, akihema. "Nimekaribia, mama."

Alhamisi walikwenda wote watatu, yeye, Gosbert na bibi. Bibi Evangelina alimuuliza daktari maswali kumi, na moja aliliuliza mara mbili: "Unaapa kwamba kupungua huku si kule?"

"Kule mtu hupungua bila kutaka, na nguvu humwisha," alisema daktari Deodatus. "Mkweo anapungua kwa mpango, na nguvu zinaongezeka. Anayepungua bila sababu, yeye aje tumpime haraka."

"Na siku hizi hata mwenye virusi si wa kuzikwa, bibi," Auleria aliongeza. "Akimeza dawa zake, analima na kulea wajukuu. Egbert angezipata dawa hizi, huenda leo angekuwa anachuma kahawa."

Bibi alilia kidogo, na Auleria alikaa naye mpaka akanyamaza. Walipotoka, bibi alimwambia Gosbert, "Na wewe ulikaa kimya wakati watu wanamsema mkeo."

"Walinitania kwamba simlishi, mama. Niliona aibu."

"Aibu haipiki. Kuanzia leo, kutembea hadi njia panda unamsindikiza. Watu wawaone."

Wakawaona. Mwanzoni walicheka, baadaye wanawake wawili wakaungana nao. Mmoja wao alikuwa yule aliyesema habari ya shingo.

*

Mwezi wa Machi, mvua zikiwa zimeanza, kilo tisa zilikuwa zimepungua. Prudensia alikuwa bado mama mnene. Lakini sukari ilikuwa imerudi mahali pake, shinikizo la damu lilikuwa limetulia kwa dawa, na ndoo ilikuwa imerudi kwenye kazi yake ya maji. Clavery alikunjua kadi, akasoma lile lengo juu kabisa. Akamtandikia mkeka sakafuni. Prudensia akashuka na kuinuka mara tatu.

"Sasa tiba iliyobaki haiko hapa," alisema Clavery. "Iko Nyakakika."

Jumamosi asubuhi, akiwa anaondoka, bibi Evangelina alimletea kibuyu cha samli kilichofungwa kwa jani la mgomba.

"Mama! Tena?"

"Si yako," alisema bibi. "Wamesema baba yako amekonda kweli. Huyo ndiye wa samli. Lakini muulize kwanza kama amepelekwa hospitali."

Alimkuta mzee Pastory ameketi barazani juu ya kiti cha kamba, blanketi mabegani. Wajukuu walikuwa uani, na wifi yule yule alikuwa anamenya ndizi. Kisu chake kilisimama.

Prudensia aliweka kibuyu chini. Moyo ulimdunda kuliko siku ya kupanda mzani. Alishusha goti moja kwenye udongo, kisha la pili. Goti la kushoto lilimchoma, akalinyamazia. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, taata."

 Alisikia kuku wakiparua. Alisubiri. Akasema moyoni, hata asipoitikia, nimemwamkia.

Mkono mwepesi, mkavu, ukamgusa kichwani.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natibiwa magoti, taata. Krismasi ile nilishindwa kuyapiga. Nikipiga, siinuki. Niliona aibu kukwambia."

Mzee akayatazama magoti yale. "Kumbe yalikuwa magoti?" Akacheka kicheko kidogo kilichogeuka kikohozi. "Mwaka mzima nasema binti yangu amenidharau, kumbe ni magoti! Mwanangu, mimi mwenyewe kanisani siku hizi namwamkia Mungu nimekaa. Na Mungu hajanikasirikia."

Kisha akanyoosha mikono yote miwili amwinue.

"Niache, taata," alisema Prudensia. "Nainuka mwenyewe."

Akaweka mguu wa kulia mbele. Akasukuma. Akasimama, bila kigoda, bila ukuta, bila mkono wa mtu, na wifi akasahau ndizi mkononi.

Prudensia akapangusa udongo magotini. Kisha akamnyooshea baba yake mkono, akamsaidia kuinuka, wakaingia ndani pamoja.

"Jumatatu nakupeleka kwa daktari," alimwambia mlangoni. "Na nitakuonyesha zoezi la kiti. Unaanza na mara tano."